Bendi ya Roki Niliyoikuta Kijenge Usiku wa Mvua

Mvua ya Mei ikishaishika Arusha haina haraka ya kuondoka. Alhamisi ile ilianza saa kumi jioni, na saa mbili usiku mpwa wangu aliponipigia simu bado ilikuwa inanyesha. "Mjomba, njoo Kijenge. Kuna machalii wanapiga gitaa, utakuja kunishukuru." Nilitaka kumwambia kwamba nimeshavua viatu. Nikavivaa tena.

Mahali penyewe ni baa iliyo nyuma ya gereji: paa la mabati, sakafu ya saruji, meza za plastiki kama kumi na mbili. Runinga ilikuwa inaonyesha mpira, sauti imezimwa. Kiingilio shilingi 5,000, unapewa na soda. Nilihesabu watu wote waliokuwemo, wahudumu na wenye bendi, tukawa thelathini na watano. Kwenye kona ambako siku nyingine hukaa meza ya pool walisimama vijana wanne na vyombo vyao.

Vyombo hivyo nivieleze, kwa sababu nusu ya hoja yangu imo humo. Dramu kubwa ya chini ilikuwa imejazwa shuka la Kimasai ndani yake, ili mlio uwe mfupi usivume. Sahani moja ya dramu ilikuwa imepasuka ukingoni. Mtu alichukua msumeno wa chuma akaikata kipande, umbo la mwezi mchanga, ili ufa usiendelee. Gitaa la besi lilichomekwa kwenye sabufa, hizi hizi tunazosikilizia muziki sebuleni. Magitaa mawili ya umeme yaligawana amplifaya moja. Maiki ilikuwa moja, imefungwa kwa utepe mweusi kwenye mpini wa fagio, na fagio limesimikwa ndani ya ndoo ya mchanga.

Wimbo wa kwanza ulianza sijakaa vizuri. Mpiga dramu aligonga vijiti mara nne, kisha sauti ikatoka nzito kiasi kwamba niliipata kwanza kwenye meza, mikononi, halafu ndiyo masikioni. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu zake, na kwa dakika mbili hivi sikuweza kutenganisha kipi ni mvua na kipi ni mkwaruzo wa gitaa. Halafu mwimbaji akaanza. Kwa Kiswahili. Neno lake la kiitikio lilikuwa moja tu, "tunangoja", na alilirudia mpaka nikaanza kujiuliza mimi mwenyewe nangoja nini.

Katikati ya wimbo wa tatu uzi wa kwanza wa gitaa la solo ulikatika. Kijana hakuwa na wa akiba. Alisogeza vidole hatua tano kuelekea kwenye tumbo la gitaa, ambako uzi wa pili unatoa noti zile zile, akamaliza solo yake na nyuzi 5. Ukimtazama usoni usingejua kama kuna kilichotokea. Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwenye mkono wake, na hiyo ndiyo raha ya shoo ndogo: unaona kazi inavyofanyika.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliyekuja kwa ajili ya mpira. "Huu ni muziki wa Wazungu," aliniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayenieleza kwamba nje kunanyesha. Nusu saa baadaye mguu wake ulikuwa unagonga sakafu. Nilipomwonyesha kwa macho, akacheka. "Mguu hauna dini, mwanangu."

Kauli ile ya kwanza ya mzee ndiyo ninayotaka kuijibu, na ninaijibu kwa heshima, maana si yake peke yake. Nimeisikia kwa walimu, kwa watangazaji wa redio, hata kwa wanamuziki. Jibu langu ni kwamba muziki hauwi wetu kwa sababu ya mahali kilikotengenezwa chombo chake. Unakuwa wetu kwa kupigwa kila wiki mbele ya watu wale wale, mpaka watu hao waanze kuudai. Na kama ni hivyo, basi kitakachoamua kama roki ya Arusha itaishi ni chumba cha watu mia na vyombo vizima, kuliko ubishi wowote wa asili yake.

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Desemba 10, 1962, akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana, na akauliza swali ambalo mpaka leo linakaririwa. Wengi wetu, alisema, tumejifunza kucheza rumba na cha-cha-cha, rock 'n' roll na twist, hata waltz na foxtrot. Ni wangapi wanaoweza kucheza, au waliowahi hata kusikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lelemama? Akagusa na vyombo: gitaa na piano tunavijua, lakini ni Waafrika wangapi wa Tanganyika, hasa waliosoma, wanaojua kupiga ngoma?

Wengi wanaolikariri swali hilo huishia hapo. Katika hotuba ile ile Mwalimu alisema kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka tamaduni za kigeni ni taifa la wapumbavu na wendawazimu, ila kujifunza huko kusiwe kuacha cha kwetu. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyosahaulika kwanza. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, katika mwaka ule ule wa Operesheni Vijana, vijana wa TANU walipokuwa wakisaka sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hofu hiyo naielewa. Nchi ilikuwa changa, na mtu aliyefundishwa kwa miaka mingi kudharau cha kwake ana haki ya kushuku cha wengine. Lakini tazama nini kiliendelea kutokea ukumbini wakati marufuku inatangazwa.

Magitaa ya umeme hayakuzimwa. NUTA Jazz ilikuwa ipo tangu 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, vijana wa chama wakapata yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Mwaka 1978 ikaja Mlimani Park. Gitaa la solo, gitaa la rhythm, besi, seti ya dramu, saksafoni, tarumbeta: vyote hivyo vilikuja kwa meli. Bendi hizo zilivichukua, na mitindo yao zikaipa majina ya ngoma: Mlimani Park ikauita wake Sikinde, NUTA Jazz ikauita wake Msondo. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Msondo vilevile. Wimbo ukaanza taratibu, hadithi ikasimuliwa, halafu ukafika kwenye chemko, magitaa yakaanza kukimbizana na ukumbi ukasimama. Leo hakuna mtu anayeiita Msondo muziki wa Wazungu, ingawa hakuna chombo hata kimoja pale jukwaani ambacho babu yangu angekitambua.

Hayo hayakuletwa na semina. Bendi ilikuwa na siku yake na ukumbi wake, na mpenzi wa bendi alijua leo iko wapi bila kuuliza. Wiki hii anacheza, wiki ijayo analalamika kwamba wimbo fulani umefupishwa, wiki inayofuata mpiga solo anaongeza kitu kwa sababu aliona watu wamekipokea. Kuzungumza huko kwa miaka kati ya jukwaa na sakafu ndiko kulikoligeuza gitaa.

Vijana wa Kijenge wameanza mazungumzo hayo, na hilo lilinigonga wazi katika wimbo wa tano. Ulianza bila dramu kabisa. Besi na gitaa la pili walishika noti moja ya chini, wakaikata kwa vipande vifupi, kwa kupokezana, na juu yake mwimbaji akapanda peke yake kwa sauti nyembamba. Ilinichukua muda kujua nimeisikia wapi. Nimeisikia kwenye harusi Kisongo. Kwa Wamasai na kwa Waarusha, wimbo wa asili hauna ngoma. Yupo olaranyani anayeongoza juu, na chini yake wanaume wanatoa mngurumo wa kooni kwa zamu, pumzi zao ndizo mapigo, na shingo zinakwenda mbele na nyuma pamoja nazo. Hawa wanne waliuchukua mngurumo huo wakauweka ndani ya magitaa, mkwaruzo ukachukua nafasi ya koo. Dramu ilipoingia hatimaye, iliingia pale ambapo morani wangeanza kuruka.

Swali la Mwalimu lilihusu ngoma. Katika kona hii ya nchi ngoma yetu kongwe ni koo la mtu, na kijana mwenye gitaa la umeme amekumbuka hilo.

Huo mkwaruzo wenyewe unastahili neno, kwa kuwa ndio unaowafukuza watu wengi. Unatokana na amplifaya kupewa nguvu kuliko inavyoweza kubeba. Vilele vya wimbi la sauti vinakatwa, na kukatwa huko kunazaa sauti nyingine nyingi juu ya noti ya asili. Ndiyo maana wapiga roki hupenda kushika noti mbili tu, ya kwanza na ya tano. Ukiongeza ya tatu ndani ya mkwaruzo mkali, kila kitu kinageuka uji. Sikio lililolelewa na piano linasema hapo kuna ubovu. Sikio la Mgogo halisemi hivyo. Ilimba, ile marimba ya vidole ambayo marehemu Hukwe Zawose wa Dodoma aliizungusha dunia nzima, sanduku lake lina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, makusudi, ili kila noti itoke na mvumo wa kukwaruza. Fundi akiusahau utando huo, ilimba inakuwa haijakamilika. Sauti safi isiyo na vumbi ni ladha mojawapo tu, na sidhani kama imewahi kuwa ladha yetu kuu.

Lugha nayo ina kesi yake, na hapa ndipo bendi nyingi za vijana huanguka. Roki ya Kiingereza imesimama juu ya maneno mafupi yanayofungwa na konsonanti. Yanaanguka pamoja na dramu kama nyundo. Kiswahili hakijaumbwa hivyo. Maneno yetu huishia kwenye irabu, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji aliyejifunza roki kwa kuigiza hulazimisha mkazo mwishoni, anaimba "tunangoJA", na ghafla Kiswahili chake kinasikika kama cha mgeni aliyeshuka KIA asubuhi hiyo. Kijana wa Kijenge aliweka NGO juu ya pigo zito, kisha bendi nzima ikanyamaza, na "ja" ikaanguka peke yake kwenye ukimya. Mara ya kwanza aliisema yeye. Mara ya nne tuliisema sisi, watu wote wa mle ndani, na mhudumu aliyekuwa amebeba chupa sita akaisema pia. Nimehudhuria matamasha makubwa ambako msanii anaomba kelele kila dakika moja, huku wimbo wenyewe unatoka kwenye kompyuta. Hapa hatukuombwa kitu. Nafasi iliachwa, tukaiziba.

Nairobi wamelijua hili kabla yetu. Bendi kama Parking Lot Grass imekiweka Kiswahili ndani ya roki bila kukivunja mifupa. Sisi tunapoulizwa roki yetu iko wapi huwa tunamtaja Freddie Mercury. Ni kweli alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Lakini bendi yake ya kwanza aliipiga akiwa shule ya bweni India, na familia yake iliondoka Zanzibar 1964. Tumpende kama mtoto wa nyumbani aliyefika mbali. Roki yake haikupikwa kwenye jiko letu, na kumtegemea yeye kunatuzuia kuwatazama waliopika hapa.

Maana walikuwepo. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilikuwa na Sunburst, vijana waliochanganya roki, soul na midundo ya nyumbani. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Waliirekodia Zambia. Miongo minne baadaye lebo moja ya London ikaitoa upya, na hapo ndipo Watanzania wengi wa umri wangu walipojua kwamba kitu hicho kiliwahi kuwepo. Kwa nini Zambia? Kwa sababu Zambia wakati huo ilikuwa na roki yake, na mashabiki wake, na ukumbi wake. Bendi kama WITCH, Amanaz na Musi-O-Tunya zilijaza watu. Rais Kaunda alikuwa ameagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia, na migodi ya shaba ilikuwa inalipa mishahara ambayo sehemu yake iliishia mlangoni mwa shoo. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya muongo ule, mlango ukakauka, na miaka iliyofuata UKIMWI ukawachukua wengi wa wanamuziki wenyewe. Watu wa Zambia hawakuamka siku moja wakaona roki imekuwa ya kigeni. Pesa ya kiingilio iliisha.

Arusha nayo ina kisa chake, ambacho nadhani kingepaswa kufundishwa shuleni. Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, wanamuziki kutoka Tanga, walihamia mji huu wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka kwenda Mombasa, na huko wakawa Simba Wanyika. Baadaye wakaingia Nairobi, na kutoka kwenye bendi hiyo zikazaliwa Wanyika nyingine ambazo nyimbo zake bado zinapigwa kwenye kila baa kati ya hapa na Kisumu. Mwaka mmoja tu tulikuwa nao. Kila nikisikia magitaa yale kwenye basi la Namanga nawaza kwamba jina lililokuwa kwenye bango lingeweza kubaki la mji wetu.

Sasa turudi kwa hawa wanne, kwa sababu baada ya shoo niliwasaidia kukunja nyaya na nikauliza maswali. Mpiga besi, kijana wa miaka ishirini na sita hivi, aliniamkia shikamoo kwanza, akafuta mikono, ndipo tukazungumza. Mchana ni fundi wa magari ya watalii. Mpiga dramu ni mpishi wa kambi za safari. Mpiga solo anauza simu dukani. Mwimbaji amesomea ualimu na anangoja ajira, kwa hiyo lile neno lake halikuwa la kutunga. Jina la bendi limebadilika mara mbili na la sasa bado linabishaniwa, ndiyo maana silitaji.

"Tatizo letu siyo watu, mzee," mpiga besi aliniambia. "Tatizo ni msimu."

Sikumwelewa mpaka aliponihesabia. Arusha inaishi kwa watalii. Kuanzia Juni hadi Oktoba, halafu tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, mpishi yuko Serengeti na fundi analala chini ya magari. Bendi haina dramu wala besi. Ikifika masika, Machi hadi Mei, wote wako mjini na wana muda wa mazoezi, lakini mji mzima hauna hela, kwa kuwa wasikilizaji nao ni madereva, wapishi na wapagazi. Bendi inapiga vizuri kabisa katika miezi ambayo hakuna wa kuilipa. Msimu ukirudi, hoteli zinatafuta wanamuziki, ila zinawataka wapige nyimbo zile zile tatu ambazo mgeni ameshazisikia kwenye ndege. Hakuna hoteli iliyoomba mngurumo wa kooni ndani ya amplifaya.

Hesabu ya usiku ule nayo nilipewa. Walioingia kwa kulipa walikuwa ishirini na wanne, shilingi 120,000. Nusu ni ya mwenye baa, na sioni ubaya, soda zilikuwa zake. Katika 60,000 iliyobaki, sabufa na amplifaya za kukodi zilikula 15,000, na kirikuu ya kubebea vyombo kwenda na kurudi 20,000. Walibaki na 25,000 watu wanne. Nyuzi za gitaa huagizwa kwa kondakta wa basi la Nairobi.

Ukitazama hesabu hiyo utaelewa kwa nini Arusha ilitoa hip hop kubwa na haikutoa roki. Tangu X Plastaz walipoanza mwaka 1996, na baadaye Weusi, mji huu umesikika nchi nzima kwa kinywa na mdundo. Kinywa hakikodiwi, hakihitaji kirikuu. Sisemi hili kuwapunguza. Waliifanya Chuga, yaani Arusha yetu, iheshimiwe, na kwa njia yao walijibu swali la mwaka 1962 mapema kuliko wengine, kwani X Plastaz waliimba na Mmasai pembeni yao. Ninasema tu kwamba muziki wa watu wanne na vyombo vya umeme una gharama ambayo lazima mtu aibebe, na zamani aliyeibeba alijulikana. Vyombo vya NUTA vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Vya Urafiki vilikuwa vya kiwanda. Mwanamuziki alipata mshahara, na akiondoka aliliacha gitaa. Mfumo ule ulikuwa na bei yake, mwenye vyombo alikuwa pia na sauti juu ya nyimbo, na sitaki turudi huko. Ila ulilijua jambo ambalo sisi tumelisahau: bendi haiwezi kuzaliwa kutoka mifukoni mwa vijana wanne.

Mbebaji wa gharama tuliyebaki naye ni kanisa. Mpiga dramu yule alijifunza kanisani Sakina, akiwa na miaka kumi na moja, kwa kukaa nyuma ya mpiga dramu mkubwa kila Jumapili mpaka siku moja mkubwa akaugua. Ukanda wetu wote wa Meru na Kilimanjaro uko hivyo. Nenda Moshi harusi yoyote ya Walutheri uwasikie wapiga matarumbeta, vijana wa vijijini wanaosoma noti bila kusita. Kanisa limetupa shule, vyombo na mazoezi ya kila wiki. Lisichoweza kutupa ni Alhamisi usiku, na halipaswi kuombwa.

Kinachokosekana ni chumba. Jijini kunajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027, na ninaufurahia kama mwana Arusha yeyote. AICC ina kumbi za mikutano ya mataifa. Katikati ya hapo na meza ya pool ya Kijenge hakuna kitu. Ninachokililia ni chumba cha watu 150 chenye vyombo vyake visivyohama: seti moja ya dramu, amplifaya mbili za gitaa na moja ya besi, maiki nne, mtu mmoja anayejua kuzirekebisha. Bendi ije kwa daladala, magitaa mgongoni. Kirikuu na ukodishaji vikiondoka kwenye hesabu ile, 25,000 inakuwa 60,000 kabla hata mtu mmoja hajaongezeka mlangoni. Siku iwe moja isiyobadilika, hata usiku mmoja wakija watu tisa. Mwenye ukumbi akubali kwamba masika ni msimu wa mazoezi hadharani, kiingilio kiwe 2,000, na Julai afungue mlango kwa wageni walewale wanaolala mjini usiku mmoja kabla ya mbuga bila kujua waende wapi.

Kuhusu majirani, wana haki ya kulala, na kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015. Hilo linatatulika. Trei za mayai ambazo watu hubandika ukutani hupunguza mwangwi wa ndani tu. Sauti hupita kama kawaida. Kinachoizuia ni ukuta mzito, dari lililo chini ya mabati, na mlango unaofunga sawasawa. Na shoo ianze saa kumi na mbili jioni, iishe saa nne. Roki haidai usiku wa manane, ni mazoea tu yanayodai.

Nilimuuliza mpiga besi kama wamewahi kurekodi. Wana nyimbo mbili kwenye simu ya mpiga solo. Alinisikilizisha moja pale nje, chini ya upenu, vyombo vikiwa vinapakiwa na turubai linafungwa. Kwenye simu ulikuwa wimbo mwingine kabisa: mngurumo umepotea, besi haipo, sauti ya mwimbaji imekaa peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Nilimrudishia simu nikamwambia nitarudi kusikiliza kwa masikio. Mzee wa kofia ya sufu alitupita akielekea barabarani, akasimama, akamuuliza mwimbaji kama ule wimbo wa katikati, ule wa kingurumo, wataupiga tena.

Alhamisi ijayo wapo, saa mbili usiku, kiingilio 5,000 na soda. Mpiga dramu anaondoka kwenda Serengeti Juni 3, na atarudi Novemba.